Ramadhani nafunga bila kutetereka, kwa nini pipi za Halloween zinanishinda?

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 43, mzaliwa wa Tanga, naishi Columbus, Ohio, na nafanya kazi za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwezi wa Mei daktari aliniambia kipimo changu cha wastani wa sukari kimefika asilimia 6.1, yaani nimebakiza hatua moja kuingia kwenye kisukari. Akanianzishia metformin, dawa ya kushusha sukari, na akanitaka nipunguze uzito. Nilikuwa na kilo 86, sasa nina 80. Hofu yangu ni Halloween, sikukuu ya huku ya tarehe 31 Oktoba ambapo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi. Kila mwaka nanunua mfuko mkubwa wa pipi mwanzoni mwa Oktoba kwa ajili ya watoto watakaobisha hodi, na kila mwaka mfuko unaisha kabla ya tarehe 31, nanunua mwingine, kisha wanangu wawili wa miaka 7 na 11 wanarudi na vifuko vyao na tunavila pamoja mpaka mwisho wa Novemba. Kazini nako kuna bakuli kwenye meza ya wauguzi. Karatasi za pipi nazificha mfukoni mwa sare ili mume wangu asizione kwenye pipa la taka. Kinachoniuma zaidi ni kwamba Ramadhani nafunga siku zangu zote huku nikiwapikia watoto na kuwalisha wazee, lakini kijipande cha chokoleti kinanishinda. Nina udhaifu gani? Niwazuie watoto wasitoke mwaka huu? Nitupe kila kitu?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Kabla sijagusa uliyoyauliza, naomba nirudi kwenye jambo ambalo barua yako imelipita haraka. Umetoka kilo 86 ukafika 80. Hizo kilo 6 ni asilimia 7 ya uzito ulioanza nao, na asilimia 7 ndiyo namba waliyopewa kama lengo washiriki wa utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002. Walikuwa watu zaidi ya 3,000 wenye sukari iliyopanda bila kufikia kisukari, kama wewe. Kundi lililopewa lengo hilo pamoja na angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki lilipata kisukari kwa kiwango kilichokuwa chini kwa asilimia 58 kuliko kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake, ilhali kundi la metformin lilikuwa chini kwa asilimia 31. Kwa maneno mengine, kazi uliyoifanya kwa sufuria na kwa miguu yako ina uzito mkubwa kuliko hata kidonge unachomeza, nami nataka uingie Oktoba ukilijua hilo, kwa sababu mtu hulinda vizuri mali anayoijua thamani yake.

Sasa nije kwenye udhaifu. Umeushangaa mfungo wako kana kwamba unapingana na hadithi ya pipi, wakati mimi naona ndani yake ndimo lilimo jibu lako lote. Fikiria saa kumi alasiri ya Ramadhani, uko jikoni, vitunguu vinakaangwa, sambusa zinageuzwa kwenye mafuta, na tumbo limekauka tangu alfajiri. Mkono wako unaweza kuzishika sambusa arobaini bila hata moja kufika kinywani. Haiwi hivyo kwa kuwa una ubavu wa ajabu mwezi huo. Inakuwa hivyo kwa sababu uamuzi ulishafanyika usiku, nia imeshatiwa, na hakuna anayesimama mbele ya karai kujadiliana na nafsi yake kama sambusa moja ina ubaya gani. Pia unajua kwa hakika kwamba magharibi ikiadhiniwa utakula, na uhakika huo huituliza njaa.

Halloween haina nia wala adhana. Bakuli lipo asubuhi, lipo mchana, lipo saa nane za usiku ukitoka kumgeuza mgonjwa kitandani, na kila ukilipita unalazimika kuamua upya. Mtu mwenye msimamo thabiti kabisa atasema hapana mara kumi na tisa, na mara ya ishirini, akiwa amechoka, atachukua. Kwa hiyo sitakushauri uongeze nguvu ya kukataa. Nitakushauri upunguze mara ambazo unalazimika kukataa, na kwa zile zitakazobaki, uamue mapema utafanya nini, kama unavyotia nia ya funga.

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu tofauti kati ya lengo la jumla na mpango wenye mahali na wakati. Anayesema "nitapunguza pipi" hufanikiwa mara chache kuliko anayesema "likitokea jambo hili, nitafanya hili". Basi andika mipango yako miwili au mitatu kwa mkono wako na uibandike ndani ya mlango wa kabati. Mfano: nikifika kwenye meza ya wauguzi na kuliona bakuli, nitapita moja kwa moja nikajaze chupa yangu ya maji. Mfano mwingine, na huu ndio utakaokuwa magharibi yako: kuanzia jioni ya tarehe 31 hadi tarehe 6 Novemba, nitakula vijipande viwili kwa siku, baada ya chakula changu kikubwa, nikiwa nimekaa mezani, pamoja na chai ya rangi isiyo na sukari. Kabla ya tarehe 31 hakuna, na baada ya tarehe 6 hakuna. Siku za zamu, kula vijipande hivyo baada ya mlo wa kabla ya kwenda kazini, na usivichukue kwenda navyo.

Huenda ukashangaa kwamba mtaalamu wa lishe anakuruhusu pipi ukiwa na kipimo cha 6.1. Tufanye hesabu, maana kwenye jambo hili hesabu inatuliza moyo kuliko maneno matamu. Chukua mkononi kijipande kimoja cha chokoleti ya Snickers, vile vidogo vinavyogawiwa siku hiyo. Hakizidi sana urefu wa kidole gumba, kina gramu 17, kalori takriban 80, na sukari gramu 8 hadi 9, yaani vijiko viwili vya chai. Unavuta karatasi pembeni, unauma mara mbili, na kabla karameli haijafika mwisho wa ulimi, kimekwisha na mkono umeshakwenda kwenye kingine. Udogo wake ndio mtego wenyewe. Vijipande vitatu ni sawa na Snickers moja nzima ya dukani, ambayo pengine usingeinunua kwa kuwa unajua uko kwenye mpango wa kupunguza uzito, lakini vijipande vitatu vilivyoliwa kwa nyakati tatu havihesabiki kichwani. Shirika la moyo la Marekani linashauri mwanamke asizidishe gramu 25 za sukari iliyoongezwa kwa siku. Vijipande viwili vinachukua gramu 17 hivi. Ukivila baada ya mlo wenye maharage, mchicha na samaki, nyuzinyuzi na protini zilizotangulia zitapunguza kasi ya sukari hiyo kuingia kwenye damu, na ukiacha soda na sukari ya kwenye chai siku hiyo, utakuwa ndani ya mpaka.

Tuendelee na hesabu, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapokosea adui. Tuseme usiku wa tarehe 31 umekushinda kabisa na umekula vijipande kumi. Hizo ni kalori 800. Kilo moja ya mafuta mwilini hukadiriwa kuwa sawa na kalori 7,700, kwa hiyo usiku huo wote, hata kama hukupunguza chochote kwingine, umekuongezea kama gramu 100. Sasa tuchukue desturi uliyonieleza, ya mfuko unaofunguliwa tarehe 1 Oktoba na pipi zinazoliwa mpaka tarehe 30 Novemba. Vijipande vitano kwa siku, ambavyo mtu huvila bila kukumbuka, kwa siku 61 vinafika kalori 24,400, zaidi ya kilo 3, nusu ya uzito ulioupunguza tangu Mei. Mwili si daftari la duka na hesabu hii ni ya kukadiria tu, lakini inaonyesha wazi mahali penye hasara. Usiku mmoja haujawahi kukuharibia kitu. Miezi miwili ndiyo iliyokuwa ikikuharibia, na miezi miwili unaweza kuifupisha kuwa siku saba.

Naomba unisikilize kwa makini hapa, kwa sababu katika miaka yangu ya kuwashauri watu nimeona wengi wakirudisha kilo zote si kwa ajili ya pipi, bali kwa ajili ya neno moja: "nimeshaharibu". Mwaka 1975 watafiti Peter Herman na Deborah Mack walifanya jaribio ambalo bado tunalifundisha. Waliwapa baadhi ya watu maziwa mazito yaliyochanganywa na aiskrimu, wengine hawakupewa kitu, kisha wakawawekea wote aiskrimu mbele yao na kuwaambia waionje kiasi wanachotaka. Watu wasiojizuia kula walifanya unavyotegemea: waliokwisha kunywa maziwa walikula aiskrimu kidogo. Wale waliokuwa wakijizuia kula katika maisha yao ya kila siku walifanya kinyume, wakala aiskrimu nyingi zaidi baada ya maziwa kuliko wenzao ambao hawakuwa wamenywa kitu. Tumbo lilikuwa limeshapokea, lakini akilini mpaka ulikuwa umevunjwa, na mpaka uliovunjwa hauzuii tena. Nafikiri unaijua hali hiyo vizuri. Kijipande cha kwanza kinaliwa kwa uchu, na vile saba vinavyofuata vinaliwa kwa hasira juu yako mwenyewe.

Kwa hiyo ikitokea umekula nje ya mpango, na huenda ikatokea, fanya kama anayekula kwa kusahau akiwa amefunga. Wewe unajua hukumu yake kuliko mimi: hutema kilichobaki kinywani na kuendelea na funga yake mpaka magharibi. Haendi kupakua pilau kwa kuwa siku imeshaingia dosari. Weka chini kilichobaki, kunywa maji, na mlo unaofuata uwe ule ule uliokuwa umeupanga, bila kuuruka na bila kujiadhibu. Kuruka mlo ili kulipa deni la pipi hukuletea njaa ambayo itakurudisha kwenye bakuli lile lile ukiwa dhaifu zaidi.

Pia usipande mizani asubuhi ya tarehe 1 Novemba. Sukari inayohifadhiwa kwenye ini na misuli hukaa pamoja na maji, takriban gramu tatu za maji kwa kila gramu moja ya akiba hiyo, na mizani inaweza kuonyesha umeongezeka kilo nzima wakati mafuta yaliyoongezeka hayafiki uzito wa yai mbili. Kilo hiyo ya maji inaondoka yenyewe ndani ya siku chache. Lakini nimewahi kuona mtu akiikubali kuwa ni ya kweli, akakata tamaa, na kwa kukata tamaa akaifanya iwe ya kweli.

Sasa dukani. Mfuko wa tarehe 1 Oktoba usinunuliwe. Maduka ya huko hupanga pipi za Halloween tangu mwishoni mwa kiangazi, nazo zimewekwa mlangoni na karibu na pa kulipia kwa makusudi, kwa hiyo pita ukijua kwamba mtu amelipwa kuzipanga pale. Nunua tarehe 30 au asubuhi ya 31. Kaa na mumeo mkumbuke mwaka jana walipita watoto wangapi, mnunue kwa hesabu hiyo, na mchague aina ambayo wewe huipendi. Kama unachokipenda ni chokoleti yenye karanga, nunua zile pipi ngumu za kijiti au zile chachu zinazokunja uso. Nunua aina moja tu. Mwaka 1981 Barbara Rolls na wenzake walionyesha kwamba watu waliopewa sandwichi zenye vijazo vya aina nne walikula takriban theluthi moja zaidi ya waliopewa za aina moja, kwa sababu ulimi unapokinai ladha moja, ladha mpya huufungulia mlango upya. Ndiyo maana mfuko wa mchanganyiko ni hatari kuliko mfuko wa aina moja wenye uzito ule ule.

Au usinunue pipi kabisa. Usione haya, maana hata Wamarekani wenyewe zamani waligawa tufaha, karanga, bisi na senti, na mazoea ya pipi za kiwandani zilizofungwa moja moja yalikuja kushika kabisa kuanzia miaka ya 1970. Sisi wa pwani tumekua tukizunguka nyumba za jirani siku ya Idi kutafuta mkono wa Idi, na kilichotufurahisha ni ile sarafu na kupokewa mlangoni, bila kujali kama kulikuwa na kitamu. Ipo pia desturi iliyoanzia Tennessee mwaka 2012 na kuenezwa nchi nzima mwaka 2014, ya kuweka mlangoni boga lililopakwa rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani, kuashiria kwamba nyumba hiyo inagawa vitu visivyoliwa kwa ajili ya watoto wenye mzio wa vyakula. Penseli, stika, vijiti vinavyong'aa gizani, mipira midogo: wanao watakusaidia kuchagua, na kitakachobaki hakitakuita usiku.

Kwa kawaida huko kwenu watoto hupita kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku. Hakikisha familia yote imekula chakula kamili saa kumi na moja, kabla ya mtu yeyote kuvaa vazi la kuigiza, nawe ule mezani pamoja nao. Bakuli la kugawa likae nje barazani au karibu na mlango, mbali na kochi unalokalia. Ikifika saa mbili kasoro robo, wape watoto wa mwisho mkono uliojaa, kisha zima taa ya barazani, ambayo kwa desturi yao ina maana kwamba nyumba hiyo haigawi tena. Lengo ni bakuli liingie ndani likiwa tupu.

Kazini ni pagumu zaidi, nami sitakudanganya. Unafanya kazi usiku, na mwili uliokosa usingizi hudai vitamu kwa sauti kubwa. Mwaka 2004 Karine Spiegel na wenzake katika Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana wenye afya kwa muda wa saa nne tu kila usiku, usiku mbili mfululizo, na homoni inayoamsha njaa ikapanda kwa asilimia 28, inayoleta shibe ikashuka kwa asilimia 18, na uchu uliozidi zaidi ulikuwa wa vyakula vya wanga na vitamu. Kwa hiyo unapolitazama bakuli saa tisa usiku na kujiona huna adabu, kumbuka kwamba katika hali hiyo damu yako yenyewe imebeba ujumbe wa njaa. Linda usingizi wako wa mchana kama unavyolinda zamu yako: pazia zito, simu mbali, na jirani wajue. Nenda kazini na chakula chako halisi, kama mayai mawili ya kuchemsha, makande kwenye chupa ya moto, au samaki na mboga, ule katikati ya zamu kabla njaa haijakomaa.

Kuhusu bakuli lenyewe, zungumza na wenzako. Sema tu kwamba daktari amekuambia uangalie sukari na ungependa bakuli lihamishiwe chumba cha mapumziko, kwenye chombo chenye mfuniko kisichoonyesha kilichomo. Watu wa huko hulielewa ombi la namna hiyo, na ninaamini utakuta mwingine pale aliyekuwa akilitamani hilo bila kuthubutu kulisema. Walter Mischel, aliyewajaribu watoto wadogo wa Stanford kwa vitamu tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, aliona kwamba kitamu kilipofunikwa watoto walisubiri muda mrefu zaidi kuliko kilipowekwa wazi machoni pao. Watoto wa miaka minne waliofaulu walijigeuza, wakajiimbia, wakafunika macho. Hawakukaa wakikikodolea macho ili waonyeshe ushujaa.

Hamu ikikukamata hata hivyo, tembea. Adrian Taylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha Exeter waligundua kwamba dakika 15 za kutembea haraka hupunguza hamu ya chokoleti, na katika jaribio lao la mwaka 2012 waliotembea kabla ya kukaa kwenye kazi ya mezani walikula takriban nusu ya chokoleti waliyokula waliokuwa wamekaa tu. Huna nafasi ya dakika 15 katikati ya zamu, lakini una korido ndefu, na una wazee ambao wangefurahi kuchunguliwa mlangoni. Hamu huja kama wimbi, hupanda na hushuka, nawe ukishaliona mara mbili tatu likishuka bila kupewa kitu, vitisho vyake vinapungua.

Watoto usiwazuie. Wanao wa miaka 7 na 11 wakizuiwa kutoka na wenzao kwa sababu ya sukari ya mama, watajifunza kwamba pipi ni kitu kikubwa kuliko kilivyo, na huenda wakakuona wewe kuwa sababu. Jennifer Fisher na Leann Birch walionyesha mwaka 1999 kwamba watoto wakinyimwa chakula fulani kilicho mbele ya macho yao hukizungumzia, hukiomba na hukila zaidi kinapofunguliwa. Ellyn Satter, mtaalamu wa Marekani ambaye ushauri wake kuhusu ulishaji wa watoto nimeutegemea sana, hupendekeza mtoto aachiwe ale atakavyo usiku ule na siku inayofuata, kisha pipi zirudi kwenye utaratibu wa nyumba, yaani ziliwe wakati wa mlo au wa kitafunwa kilichopangwa tu.

Wakirudi, waache wamwage vifuko vyao sakafuni, maana kupanga na kubadilishana ni nusu ya raha yao: Kit Kat upande huu, M&M's upande ule, mdogo analia kwamba kaka amemdhulumu Reese's mbili. Kila mmoja achague vipande anavyovipenda kweli, tuseme ishirini, viingie kwenye mfuko wake wa kitambaa usioonyesha ndani, uandikwe jina na uwekwe kabati la juu. Hapo ndipo uchague na vyako vya siku saba, vijipande kumi na vinne vya aina moja, uvitie kwenye kopo. Vilivyobaki vitoke nyumbani kesho yake. Kliniki nyingi za meno za Marekani hununua pipi za watoto wiki hiyo au kuwapa zawadi badala yake, na shirika la Operation Gratitude hupokea pipi na kuzituma kwa wanajeshi. Mfuko wa mtoto ni wa mtoto. Mama anayekula kwa siri mfuko wa mwanawe huumia mara mbili, nami nataka uepuke maumivu hayo.

Neno la haraka kuhusu pipi zilizoandikwa kwamba hazina sukari, kwa sababu najua utakutana nazo. Nyingi hutiwa maltitoli, kitamu mbadala wa sukari, ambayo bado ina kalori na bado huongeza sukari kwenye damu, ingawa kwa kiasi kidogo, na ukila nyingi tumbo litaunguruma na utaharisha ukiwa zamuni. Sikukatazi, ila sioni faida yake kwako. Na ukihisi kutetemeka ukajiambia "sukari imeshuka, nahitaji pipi", kumbuka kwamba metformin peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Ukiwa na mashine ya kupimia, pima kwanza. Mara nyingi utakuta ni njaa, na njaa ina chakula chake.

Nimeliacha mwisho suala la karatasi zilizofichwa mfukoni, kwa kuwa ndilo lililonigusa zaidi katika barua yako. Kuficha karatasi mara moja moja kwa aibu ni jambo la watu wengi. Lakini kama unakula kwa siri, kwa haraka, kiasi kikubwa, huku ukihisi huwezi kuacha, na hali hiyo inakutokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, basi unachokipata ni ugonjwa wa ulaji unaojulikana na unaotibika, na haustahili kubebwa peke yako wala kutibiwa kwa lawama. Mwambie daktari aliyekupima Mei kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia mimi. Na hata kama si ugonjwa, mwambie mumeo. Mwambie mpango wa vijipande viwili kwa siku saba, mwonyeshe kopo, uvile mezani akiwa amekaa mbele yako, na karatasi zake uzitupe juu kabisa kwenye pipa la jikoni.

Kipimo chako cha wastani wa sukari huonyesha hali ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kwa hiyo usiku mmoja wa Halloween hautaonekana kwenye karatasi ya maabara, ilhali Oktoba na Novemba nzima zitaonekana. Omba miadi ya kupimwa tena mapema Januari, na ukishapata namba niandikie, iwe imeshuka au haikushuka.